Kufunga kuta za mawe na chokaa kwa stenlesi: ninavyofanya mimi Mji Mkongwe

Nondo ile ilikuwa ya milimita 12 ilipoingizwa ukutani. Nilipoitoa mwaka jana, katika nyumba ya ghorofa mbili hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, niliipima kwa kalipa pale ilipokuwa nene zaidi, nikapata milimita 21. Ilikuwa magamba juu ya magamba, ya kahawia na meusi, yanabanduka kwa kucha kama tabaka za chapati. Nilipoyakwangua yote, chuma kizima kilichobaki katikati hakikufika unene wa penseli. Jiwe la matumbawe lililokuwa juu yake, jiwe la kubebwa na watu wawili, lilikuwa limenyanyuliwa na kupasuka kati.

Bi Mkubwa mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Mwanangu, hicho si ndicho walichotuambia kitaushika ukuta?"

Nikamjibu, "Ndicho, Bi Mkubwa. Miaka ya mwanzo kiliushika kweli. Baadaye kikaanza kuupasua."

Uashi nilifundishwa na ami yangu, na kuta hizi za mawe na chokaa nimezishika zaidi ya miaka 20. Tangu tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha, kila mwenye nyumba ya zamani ananiuliza swali moja: ukuta wangu umetoka tumbo, naufungaje? Jibu langu siku hizi ni stenlesi, ila stenlesi ya aina maalumu, iliyowekwa kwa namna maalumu. Ninaeleza hapa ninavyofanya, nikitumia kazi ya nyumba ya Bi Mkubwa kama mfano, ili fundi mwenzangu wa Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa au Bagamoyo apate pa kuanzia.

Kwa nini chuma cha kawaida hakifai humu

Chuma kikigeuka kutu kinahitaji nafasi kubwa zaidi, kuanzia mara mbili hata mara sita ya nafasi ya chuma chenyewe. Kikiwa wazi hewani, kutu inadondoka tu. Kikiwa kimebanwa ndani ya ukuta, kutu haina pa kwenda, kwa hiyo inasukuma jiwe, na jiwe la matumbawe halina ubavu wa kushindana nayo.

Mafundi wengi wananiambia, mbona nondo zinakaa ndani ya zege miaka mingi? Zege nzuri ina ukali wa saruji ambao unakilinda chuma kisishike kutu. Chokaa nayo ikiwa mbichi ni kali vilevile, lakini inavyovuta hewa na kugeuka jiwe tena, ukali ule unakwisha. Na ndivyo tunavyotaka chokaa ifanye, kwa sababu hapo ndipo inapopata nguvu. Kwa hiyo nondo iliyolala ndani ya chokaa kavu ya miaka kumi haina ulinzi wowote. Ongeza kwamba jiwe la matumbawe lina vinyweleo vingi na linanyonya maji kama sifongo. Ongeza chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, kaskazi na kusi, mwaka mzima. Ongeza na ule mchanga wa ufukweni ambao baadhi ya watu walijengea. Chumvi ikishafika kwenye chuma, hata zege haikiokoi.

Kupaka rangi au kutumia chuma kilichopakwa zinki kunachelewesha tu. Zinki inalika taratibu, na siku ikiisha hutaiona, maana iko ndani ya ukuta.

Jambo hili halikuanza kwetu. Kule Athens, Ugiriki, kuanzia mwaka 1898 hadi miaka ya 1930, mhandisi Nikolaos Balanos alikarabati majengo ya kale ya kilima cha Akropoli, likiwemo hekalu la Parthenon, akiunganisha marumaru kwa vyuma vya kawaida. Vyuma vile vikashika kutu na kupasua mawe ambayo yalikuwa yamesimama zaidi ya miaka 2,000. Wajenzi wa kale wenyewe walikuwa wametumia chuma, lakini walikizungushia madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili maji yasikifikie. Warekebishaji wa sasa wamelazimika kutoa vyuma vya Balanos na kuweka titani, metali isiyoshika kutu. Sisi titani hatuiwezi kwa bei. Stenlesi tunaiweza tukijibana.

Kuijua stenlesi kabla ya kuilipia

Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, si chini ya asilimia 10.5. Kromiamu ile ikikutana na hewa inajifanyia ngozi nyembamba mno isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ikikwaruzwa inajirudisha yenyewe. Adui mkubwa wa ngozi hiyo ni chumvi. Ndiyo maana si kila stenlesi inafaa pwani.

Ile inayouzwa zaidi madukani ni namba 304, yenye kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Ni nzuri kwa sinki la jikoni na kwa nyumba za bara. Kwa ukuta wa Mji Mkongwe sitaiweka. Ninayotaka ni 316, ambayo imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo molibdenamu ndiyo inayoipa uwezo wa kuvumilia chumvi. Kama kipande kitachomelewa, nataka 316L, yenye kaboni kidogo zaidi, ili mahali pa kuchomelea pasiwe dhaifu. Kwenye bolti na nati usitafute namba 316. Tafuta alama iliyogongwa kichwani. A2 ni jamaa wa 304, A4 ni jamaa wa 316. A4-70, yaani A4 ya daraja la nguvu 70, ndiyo ninayoagiza mara nyingi.

Wauzaji hutoa sumaku mfukoni wakakuonyesha kwamba haishiki, basi wakasema hii ni orijino. Sumaku haitoshi. Ikishika kwa nguvu, ujue hiyo si aina tunayoitaka. Lakini isiposhika haijathibitisha lolote, kwa sababu ile stenlesi rahisi ya 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na kuwekewa manganizi, nayo haishiki sumaku, na pwani inaota madoa ya kahawia haraka sana. Zaidi ya hapo, 304 halisi ikishapindwa au kukatwa nyuzi inaweza kuvuta sumaku kidogo. Kuna dawa ya matone ya kupimia molibdenamu, unaweka tone juu ya chuma na rangi inabadilika pale ilipo. Kichupa kimoja kinapima vipande vingi. Ninacho ndani ya mkoba wangu, na kimenirudishia pesa yake mara nyingi. Kwa mzigo mkubwa, dai cheti cha kiwandani na ulinganishe namba ya cheti na namba iliyopigwa kwenye chuma.

Mzigo wangu huwa naufuata Dar es Salaam, maduka ya chuma ya Gerezani, kisha unavuka na boti. Bei ya 316 ni mara kadhaa ya nondo ya kawaida, na mwenye nyumba akisikia atashtuka. Nilimwekea Bi Mkubwa hesabu mbili mezani: ya kilo za chuma zinazohitajika, ambazo si nyingi, na ya kazi nzima ya jukwaa, kutoboa, chokaa na lipu. Chuma kilikuwa sehemu ndogo. Jukwaa na mikono ya watu utalipia hata ukiweka chuma kibovu, na baada ya miaka 20 utalipia tena.

Soma ukuta kwanza

Usitoboe kitu wiki ya kwanza. Tundika timazi toka juu hadi chini, pima umbali wa uzi na ukuta kila nusu mita, andika. Ukuta wa Bi Mkubwa ulikuwa na unene wa sentimita 55 na ulikuwa umetoka nje kwa milimita 70 katikati ya ghorofa ya kwanza. Gonga kwa ngumi ukisikiliza: palipo wazi ndani panatoa sauti ya debe tupu. Kwenye nyufa bandika vipande vidogo vya kioo kwa plasta, uviandikie tarehe. Kioo kikipasuka, ukuta bado unatembea.

Kisha tafuta maji. Katika kazi zangu nyingi ugonjwa ulianzia kwenye paa lililovuja au bomba la choo lililofichwa ukutani, na chuma chochote utakachoweka kabla ya kuziba maji hayo ni kazi bure. Kwa Bi Mkubwa mfereji wa bati ulikuwa umetoboka, masika yote maji yanamiminika juu ya vichwa vya boriti. Vichwa vilioza, sakafu ikaacha kuushika ukuta, na ukuta ukaanza kwenda zake.

Mhandisi aje aone. Na katika Mji Mkongwe hakuna ruhusa ya kugusa ukuta unaobeba nyumba bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Peleka mchoro, hata wa mkono, unaoonyesha kila tundu. Baada ya hapo weka mirunda chini ya sakafu, kila mrunda juu ya kipande cha mbao kipana, na kabari zigongwe taratibu mpaka zishike, bila kunyanyua sakafu.

Nondo ya kufungia, kutoka ukuta hadi ukuta

Wazo ni rahisi: nondo moja ya stenlesi inapita sakafuni kutoka ukuta wa mbele hadi ukuta wa nyuma, kila mwisho una bamba, na nati inabana bamba dhidi ya ukuta. Zikiwekwa chache kwa mpangilio, kuta mbili zinashikana mikono.

Kwa nyumba ile tulitumia nondo nne za milimita 16 zenye nyuzi za M16, tukazipitisha ubavuni mwa boriti ili zisionekane toka chini. Kijana wangu aliniuliza, "Fundi, kwa nini tusiweke ya 25 tukalala usingizi?" Swali zuri, na nilimfanyia hesabu palepale ukutani kwa mkaa. Nyuzi za M16 zina eneo la milimita mraba 157. Stenlesi ya A4-70 haianzi kuvutika na kubaki hivyo kabla ya niutoni 450 kwa kila milimita mraba (niutoni ni kipimo cha nguvu; 10,000 ni karibu uzito wa tani moja). Zidisha, unapata karibu tani 7. Sasa tazama bamba. Bamba la milimita 250 kwa 250 lina eneo la milimita mraba 62,500. Mhandisi wetu alikubali ukuta ule dhaifu ubebeshwe niutoni 0.3 tu kwa milimita mraba, basi bamba lile halitakiwi kusukuma zaidi ya karibu tani 1.9. Ukuta utasagika muda mrefu kabla nondo haijahisi kitu. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza ukubwa wa bamba au idadi ya nondo. Kunenepesha nondo ni kutupa pesa.

Kutoboa: usitumie drili ya kugonga. Ukuta wa mawe yasiyopangwa kwa safu, uliojazwa vipande na chokaa katikati, ukigongwa unamwagika kwa ndani na hutajua. Tumia drili ya kuzunguka tu, yenye kikombe cha almasi, tundu la milimita 30, maji kidogo na yawe ya bomba. Visima vya karibu na bahari vina chumvi. Tundu liinamie nje kidogo ili maji yakiingia yatoke. Tulitumia karibu siku nzima kwa matundu mawili, na sikumruhusu mtu kuharakisha.

Mahali pa bamba chonga kwa tindo na nyundo ndogo, kina cha milimita 40 hivi, ili bamba lizame na lipu ilifunike. Bamba lenyewe ni la 316, unene milimita 10. Usiliweke juu ya mawe matupu, maana litakaa juu ya ncha tatu na kuzivunja. Tandika chokaa ya milimita 15, sukuma bamba mpaka chokaa itoke pembeni pande zote nne, halafu liache. Kwa chokaa inayoganda hata palipo na unyevu mimi nasubiri wiki nne, gunia bichi likining'inia juu yake siku za mwanzo. Huu ndio muda ambao mwenye nyumba anapiga simu kila asubuhi. Mwambie mapema.

Kabla ya kufunga nati, paka nyuzi grisi maalumu ya kuzuia kung'ang'ania. Stenlesi kwa stenlesi zikisuguana kavu zinashikana kama zimechomelewa, na hapo hutoi wala huingizi, unakata tu. Nilipoteza nondo nzima hivyo miaka ya nyuma. Zungusha kwa mkono, polepole, kwa spana fupi. Usiguse mashine ya kukazia.

Na kukaza kwenyewe, sikiliza. Hatukazi ili tumbo lirudi ndani. Ukuta uliotoka kwa miaka 40 umeshajipanga upya kule uliko, mawe ya ndani yameshuka na kujaza nafasi, ukiuvuta unauvunja. Tunakaza ili usiendelee. Nakaza robo mzunguko kila nondo kwa zamu, nikigonga nondo kwa kidole. Mwanzoni inatoa sauti nzito, iliyolegea. Ikianza kuvuma, naongeza kidogo sana na naacha. Kazi hii naifanya saa nne asubuhi, jua likiwa la wastani, kwa sababu stenlesi inatanuka kwa joto kuliko chuma cha kawaida: nondo ya mita 5 ikipata joto la nyuzi 10 zaidi inarefuka milimita 0.8. Ukiikaza sana katikati ya joto la Februari, usiku wa Julai itabana bamba kuliko ulivyokusudia. Mwisho weka nati ya pili juu ya ya kwanza.

Nyufa na ukuta uliojitenga

Kwa ufa wa kawaida ninashona. Zipo nondo nyembamba za stenlesi zilizosokotwa kama kamba, milimita 6. Kwenye ukuta wa matofali unafuata mstari wa kiungo, kazi nyepesi. Kwenye ukuta wetu hakuna mstari, kwa hiyo unafuata chokaa kati ya mawe, ukipinda inapopinda, kwa tindo. Mfereji uwe na kina cha milimita 40, uvuke ufa na kwenda nusu mita kila upande, na urudie kila sentimita 40 hivi kwenda juu. Osha vumbi, lowanisha, jaza chokaa nusu, bonyeza nondo izame, funika, na bakiza milimita 15 za mwisho kwa chokaa ya kumalizia.

Pale uliposikia sauti ya debe, ukuta umejitenga pande mbili, ya ndani na ya nje, na kushona kwa juu hakutoshi. Hapo natoboa matundu ya mshazari yanayokoma sentimita 10 kabla ya kutokea upande wa pili, nayapanga kwa kupishana kila sentimita 60, naingiza nondo za milimita 10, kisha namimina uji wa chokaa kwa mpira na faneli. Unaanzia chini. Uji ukitokea tundu la juu yake, ziba na uache. Nusu mita ya kimo kwa siku, isizidi, maana uji mbichi una uzito na unaweza kuusukuma ukuta nje ukafanya hasa kile ulichokuja kukizuia.

Kuvipokea vichwa vya boriti

Boriti za Bi Mkubwa zilikuwa nzima katikati, zimeoza sentimita 20 hadi 30 za mwisho tu. Mafundi wengi wangezing'oa zote. Boriti zile ni za mikoko, na mikoko mizuri ya namna ile kuipata leo ni shida, na sioni haki ya kutupa boriti iliyobeba nyumba tangu enzi za bibi yake kwa ajili ya shibri moja ya kuoza.

Tulikata sehemu iliyooza na kuweka pembe, yaani chuma cha kona, ya stenlesi 316 ya milimita 100 kwa 100, unene milimita 8, ikitembea ukutani chini ya boriti zote kama rafu. Inashikwa na nondo za milimita 12 zilizoingia ukutani sentimita 40 na kumiminiwa uji wa chokaa, moja kila sentimita 40. Juu ya pembe, chini ya kila boriti, tuliweka kipande cha nailoni ili mbao isikalie chuma moja kwa moja na kuhifadhi unyevu. Na ncha ya boriti haigusi ukuta tena: kuna nafasi ya kidole, hewa ipite. Tulipoondoa mirunda tulilegeza kabari zote kwa siku tatu, kidogo kidogo, na sakafu ilishuka milimita 2 tu.

Ukikuta mhimili wa chuma wa zamani ambao lazima ubaki, usiifunge stenlesi juu yake hivihivi. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, ile dhaifu inaliwa. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye mhimili mkubwa wa chuma haina madhara makubwa, lakini bolti ndogo ya chuma cha kawaida kwenye bamba kubwa la stenlesi itaisha upesi ajabu. Weka washa ya nailoni na mrija wa plastiki kwenye tundu, metali zisikutane.

Kuchomelea na kusafisha

Epuka kuchomelea ukutani. Chomelea karakana, kwa waya au fimbo ya 316L. Rangi ya bluu na kahawia inayobaki pembeni mwa mchomeleo lazima iondolewe yote, kwa sababu pale ngozi ya kinga imeharibika na kutu itaanzia papo hapo. Ipo dawa ya kupaka, ina asidi kali mno inayopenya ngozi ya binadamu hadi mfupani, kwa hiyo glavu, miwani, hewa ya kutosha, na maji mengi ya kusuuzia. Kama hujafundishwa kuitumia, mpe anayejua, au ondoa rangi ile kwa msasa safi.

Nasema msasa safi kwa maana. Grinda iliyokata nondo za kawaida, brashi ya waya wa chuma, hata meza yenye vumbi la chuma: vyote vinapandikiza chembe za chuma juu ya stenlesi, na baada ya wiki mbili utaona madoa ya kutu na kulaumu muuzaji. Nina diski na brashi za stenlesi peke yake, zimefungwa ndani ya kopo lenye mfuniko, na kijana akizichanganya tunaongea.

Jambo la mwisho la kemikali: ile asidi ya kusafishia vigae na madoa ya saruji isikaribie stenlesi kabisa. Ni kloridi tupu, ileile iliyomo ndani ya chumvi. Niliona mabamba mazuri yakitobolewa vishimo baada ya mtu mwenye nia njema kuyasugulia asidi hiyo siku ya kukabidhi nyumba.

Kufunika

Lipu iwe ya chokaa na mchanga wa bara uliooshwa. Mchanga nauonja kwa ncha ya ulimi kabla ya kukubali lori lishushe. Ukiwa na ladha ya chumvi lori linarudi. Saruji usiweke, inaufungia ukuta unyevu ndani, na ukuta wenye unyevu ndio unaoozesha boriti. Bamba linalobaki nje bila lipu lisiwe na uso wa kukwaruza, liwe laini kadiri inavyowezekana, na lioshwe kwa maji baridi ya bomba kila baada ya miezi michache, hasa lililo chini ya baraza ambako mvua haifiki kulisafisha.

Kabla ya lipu piga picha kila nondo na kila bamba, na mita ikiwa imelazwa kando. Nilichora ukuta wa Bi Mkubwa kwenye karatasi kubwa, nikaonyesha kila kilicholala ndani, kina chake, namba ya chuma na tarehe, ili fundi atakayekuja na drili miaka 50 ijayo ajue pa kutotoboa. Nakala moja ilikwenda Mamlaka. Nyingine Bi Mkubwa aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kasha pamoja na hati ya nyumba, akafunga kwa ufunguo.